Sumu za bakteria zinavyoharibu ini na damu ya mifugo: Mambo ya kujua kabla ya kupakia

Wafanyabiashara wa mifugo wanaovuka mipaka ya Namanga, Sirari, Mutukula na Busia wanaijua hasara ya mnyama kufia ndani ya lori. Mara nyingi lawama ya kwanza humwangukia dereva, ya pili muuzaji, na ya tatu kupe. Hata hivyo, yapo magonjwa ambayo chanzo chake si kupe wala mwendo wa gari, bali ni sumu inayotengenezwa na bakteria ndani ya mwili wa mnyama, au ndani ya maji aliyoyanywa. Sumu hizo hushambulia zaidi sehemu mbili: ini na chembe za damu.

Makala haya yanaeleza sumu hizo zinavyofanya kazi, magonjwa yanayotokana nazo, dalili ambazo mnunuzi au msafirishaji anaweza kuziona, na hatua za kuchukua. Jambo kubwa la kuzingatia ni muda. Sumu ikishaingia kwenye damu hufanya kazi kwa saa, si kwa wiki. Dawa ya kuua bakteria haiwezi kurudisha chembe za damu zilizokwisha kupasuka, wala kufufua sehemu ya ini iliyokwisha kufa. Kwa sababu hiyo kinga yenye faida ni ile inayofanyika wiki kadhaa kabla mnyama hajapandishwa garini.

SUMU HIZI HUFANYAJE KAZI?

Bakteria wengi hawana madhara, na wapo kwa mamilioni katika tumbo la kila ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wachache hutengeneza kemikali zinazodhuru chembe hai za mnyama. Madhara hayo hutokea kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni kuyeyusha ngozi ya chembe. Kila chembe ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta, na sehemu ya mafuta hayo huitwa lesitini. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens hutoa sumu ya alfa, ambayo ni kimeng'enya kinachokata lesitini. Mwaka 1941 watafiti wa Uingereza, Macfarlane na Knight, walionyesha kwamba sumu hiyo ni kimeng'enya, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa sumu ya bakteria kueleweka kwa namna hiyo. Utando ukikatwa, chembe nyekundu ya damu hupasuka na rangi yake nyekundu, yaani hemoglobini, humwagika kwenye maji ya damu. Figo huichuja na mkojo ukawa mwekundu.

Njia ya pili ni kutoboa. Baadhi ya sumu hujipenyeza kwenye utando wa chembe na kufanya matundu. Maji na chumvi huingia na kutoka bila mpangilio mpaka chembe inakufa. Sumu ya bakteria wa homa ya usafiri, inayoelezwa hapa chini, hufanya hivyo kwa chembe nyeupe za damu.

Njia ya tatu ni kuvuruga kazi za ndani. Sumu huingia ndani ya chembe na kuzima au kuharibu protini zinazoishikilia chembe isimame. Chembe za ini zikipatwa na hali hiyo huachana, damu huvuja katikati yake, na ini huvimba.

KWA NINI INI?

Damu inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hupita kwanza kwenye ini kupitia mshipa mkubwa. Kwa hiyo kitu chochote kinachopenya ukuta wa tumbo au utumbo, kiwe sumu au bakteria, hukutana na ini kwanza.

Ini pia lina chembe za ulinzi zinazokamata uchafu unaoletwa na damu. Chembe hizo hukamata hata mbegu za bakteria wa jamii ya Clostridium ambazo mnyama amezila pamoja na majani na udongo. Mbegu hizo haziwezi kukua mahali penye hewa ya oksijeni, na ini lenye afya lina damu nyingi yenye oksijeni. Hivyo hukaa zimelala kwa muda mrefu na mnyama huonekana mzima kabisa. Ini likijeruhiwa na sehemu yake kukosa damu, mbegu huamka, bakteria huzaliana, na sumu huanza kutoka.

Mhusika mkuu wa kulijeruhi ini ni minyoo ya ini. Katika Afrika Mashariki aina ya Fasciola gigantica ni ya kawaida maeneo ya chini yenye majaruba, mabwawa na kingo za mito, na Fasciola hepatica hupatikana nyanda za juu zenye baridi. Aina zote mbili hupitia kwenye konokono wa majini. Mnyama humeza vijidudu vyake vikiwa vimejishika kwenye majani ya maeneo yenye maji, kisha minyoo michanga husafiri kwa wiki kadhaa ikichimba njia ndani ya nyama ya ini. Njia hizo ndizo sehemu zilizokufa, zisizo na oksijeni, ambazo bakteria huzisubiri.

MAGONJWA YANAYOHUSIKA

1. Mkojo mwekundu wa bakteria

Ugonjwa huu husababishwa na Clostridium haemolyticum na huwapata zaidi ng'ombe, mara chache kondoo. Ulichunguzwa kwa kina kuanzia miaka ya 1920 katika jimbo la Nevada, Marekani, kwenye malisho yenye unyevunyevu. Hutokea pale penye mambo mawili kwa pamoja: mbegu za bakteria kwenye udongo, na kitu cha kulijeruhi ini.

Bakteria wakiamka, sumu yao huua kipande kimoja kikubwa cha ini, kisha humwagika kwenye damu na kupasua chembe nyekundu. Mpaka mnyama anapokufa, asilimia 40 hadi 50 ya chembe nyekundu huweza kuwa zimepasuka. Dalili ni homa, kuacha kula, mgongo kujikunja kwa maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu, kinyesi chenye damu, na mkojo mwekundu mzito wenye povu. Ng'ombe mwenye mimba anaweza kufa ndani ya saa 12. Wengine hufikia siku tatu au nne. Asiyetibiwa mapema ni nadra kupona, na wapo wanaokutwa wamekufa bila dalili yoyote kuonekana.

Kwenye machinjio, alama ya ugonjwa huu ni kipande cha ini chenye rangi hafifu, kilichoinuka kidogo, kikiwa kimezungukwa na mstari wa rangi ya bluu na nyekundu. Figo huwa nyeusi na laini, na kibofu huwa na mkojo wa rangi ya zambarau iliyoiva.

2. Ugonjwa mweusi

Huu husababishwa na Clostridium novyi aina ya B. Bakteria wa jamii hii alitambuliwa na Frederick Novy mwaka 1894. Utafiti mkubwa kuhusu ugonjwa wenyewe ulifanywa Australia na A.W. Turner na kuchapishwa mwaka 1930, ukaonyesha uhusiano kati ya bakteria huyo na minyoo ya ini. Nchini Sudan ugonjwa huu uliripotiwa kwa mbuzi wa Kinubi mwaka 1991.

Huwapata zaidi kondoo wakubwa walionona, wenye umri wa miaka miwili hadi minne, ambao kila mnunuzi angependa kuwachukua. Kondoo hubaki nyuma ya kundi, hulala kifudifudi na kufa ndani ya saa chache kimyakimya. Jina limetokana na ngozi: mnyama akichunwa, upande wa ndani wa ngozi huonekana mweusi kwa sababu mishipa midogo imejaa damu. Ini huwa na mabaka ya rangi ya kijivu na njano, na mfuko wa moyo huwa na maji mengi.

3. Ugonjwa wa manjano wa wana-kondoo

Clostridium perfringens aina ya A, yule mwenye sumu ya alfa, wakati mwingine huzaliana kwa wingi ndani ya utumbo wa wana-kondoo wanaonyonya. Sumu hupenya na kuingia kwenye damu, chembe nyekundu hupasuka, na mwana-kondoo huwa na macho na fizi za manjano na mkojo wa rangi ya kahawia au nyekundu. Wengi hufa ndani ya saa chache.

4. Leptospirosisi

Bakteria wa Leptospira huishi kwenye figo za panya, nguruwe, mbwa, ng'ombe na wanyama wengine, na hutoka na mkojo. Baadhi ya aina zake, hasa ile iitwayo Pomona, hutoa sumu inayopasua chembe nyekundu za ndama. Ndama hupata homa, fizi hupauka na kisha kuwa za manjano, na mkojo huwa mwekundu. Ng'ombe wakubwa mara nyingi hawafi, bali hutupa mimba au hupungua maziwa.

Ugonjwa huu unamhusu msafirishaji binafsi, kwa sababu bakteria hupita kwenye ngozi yenye mchubuko, macho na mdomo. Utingo anayefagia lori lenye mkojo bila buti wala glavu yuko hatarini. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kuwa ugonjwa uliozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ulikuwa ni leptospirosisi, maarufu kama homa ya mgunda. Wakati wa tangazo hilo wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki dunia.

5. Homa ya usafiri

Huu ndio ugonjwa unaoihusu biashara ya lori moja kwa moja. Mannheimia haemolytica, ambaye mpaka mwaka 1999 aliitwa Pasteurella haemolytica, huishi puani na kooni mwa ng'ombe wazima bila kuwadhuru. Mnyama akichoka, akikosa maji, akivuta vumbi na moshi, akichanganywa na wageni kutoka minada mbalimbali, au akipata virusi vya mafua ya ng'ombe, kinga yake hushuka. Bakteria huongezeka na kuteremka kwenye mapafu.

Sumu yake huua chembe nyeupe za damu za wanyama wanaocheua, yaani ng'ombe, kondoo na mbuzi. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Zikifa, humwaga kemikali zake zenyewe, na kemikali hizo huunguza mapafu. Kwa hiyo mnyama hudhurika mara mbili: hupoteza askari wake, na silaha za askari hao humgeukia. Dalili ni homa inayozidi nyuzi 40, kukohoa, makamasi, kuhema kwa kasi na kichwa kuinama. Kwa kawaida huonekana kati ya siku ya sita na ya kumi baada ya mnyama kufika, na mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza.

6. Majipu ya ini

Fusobacterium necrophorum ni mkazi wa kawaida wa tumbo la ng'ombe. Mfanyabiashara anapotaka kunenepesha haraka kwa kumpa ng'ombe pumba, mahindi au molasisi nyingi ghafla, tumbo huwa na tindikali kali na ukuta wake hupata vidonda. Bakteria hupita kwenye vidonda hivyo, huingia kwenye mshipa unaokwenda kwenye ini, na sumu yake huua chembe nyeupe zinazokuja kumzuia. Matokeo ni majipu.

Ng'ombe wa namna hii mara nyingi haonyeshi dalili yoyote mnadani. Hasara hugundulika machinjioni, pale mkaguzi wa nyama anapolikataa ini. Mara chache jipu hupasukia kwenye mshipa mkubwa na ng'ombe hufa ghafla.

7. Maji ya kijani

Mwani wa rangi ya bluu na kijani unaotanda juu ya mabwawa na ziwa kwa kweli ni bakteria. Baadhi yake, hasa Microcystis, hutoa sumu iitwayo mikrosistini. Chembe za ini huichukua sumu hiyo kutoka kwenye damu kwa njia zilezile zinazotumika kuchukua chumvi za nyongo, ndiyo maana ini hudhurika kuliko viungo vingine. Ini hujaa damu, mnyama hudhoofika, hutetemeka, na huweza kufa ndani ya saa chache au siku moja. Wanaopona huweza kupata vidonda vya ngozi kwa jua, hasa sehemu zenye rangi nyeupe.

Taarifa ya mapema ya kisayansi kuhusu jambo hili ilitolewa na George Francis mwaka 1878, akieleza vifo vya mifugo iliyokunywa maji ya Ziwa Alexandrina huko Australia Kusini. Katika ukanda wetu, utando wa mwani wa aina ya Microcystis hutokea Ziwa Victoria, hasa kwenye Ghuba ya Winam upande wa Kenya. Kuchemsha maji hakuiondoi mikrosistini.

MKOJO MWEKUNDU SI KUPE PEKE YAKE

Wafugaji wengi wakiona mkojo mwekundu hudhani ni ugonjwa wa kupe wa kukojoa damu na huchoma sindano ya dawa ya kupe. Wakati mwingine huwa sahihi, na wakati mwingine huwa wamepoteza saa ambazo zingeokoa mnyama. Sababu nyingine za mkojo mwekundu ni hizi:

- Sumu za bakteria zilizoelezwa hapo juu.
- Kunywa maji mengi mno kwa mkupuo baada ya kiu kali. Hii huwapata hasa ndama waliosafirishwa bila maji kisha wakaachiwa birika. Maji huingia kwenye damu kwa wingi na chembe nyekundu hupasuka.
- Sumu ya shaba kwa kondoo, hasa wakipewa chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya wanyama wengine.
- Kula vitunguu vingi, kwa mfano mabaki ya sokoni.
- Jeraha la figo au kibofu.

Ipo njia rahisi ya kutenganisha sababu hizo kwa hatua ya kwanza. Kinga mkojo kwenye chupa au glasi safi inayoonyesha, uuache utulie kwa saa moja au mbili. Ikiwa ni damu nzima kutokana na jeraha, wekundu hutua chini na juu hubaki kweupe. Ikiwa chembe zimepasuka ndani ya mwili, mkojo wote hubaki na rangi moja nyekundu toka juu hadi chini. Njia hii haitaji jina la ugonjwa, lakini humsaidia daktari wa mifugo kujua aanzie wapi. Kipimo cha damu kwenye kioo cha hadubini ndicho kinachothibitisha kama ni ugonjwa wa kupe.

MUDA WA KIFO NA SWALI LA NANI ABEBE HASARA

Migogoro mingi kati ya muuzaji, mnunuzi na mwenye lori hutokana na kutojua ugonjwa ulianza lini. Maabara ndiyo yenye neno la mwisho, lakini muda huweza kutoa mwelekeo.

- Mnyama akifa ndani ya saa chache baada ya kunywa maji ya bwawa lenye utando wa kijani, na wenzake walionywa wakaonyesha dalili zilezile, chanzo kinatafutwa kwenye maji, si kwa muuzaji.
- Mnyama akifa siku ya kwanza hadi ya nne akiwa na mkojo mwekundu na kipande cha ini kilichokufa, mbegu za bakteria na minyoo ya ini vilikuwa mwilini kabla ya kupakiwa. Dereva hakuvileta.
- Mnyama akianza kukohoa wiki moja baada ya kushushwa, bakteria alikuwa puani mwake toka alikotoka, lakini uchovu wa safari, msongamano na kuchanganya makundi ndivyo vilivyomfungulia mlango. Hapa kila upande una sehemu yake.
- Majipu ya ini yanayokutwa machinjioni huchukua muda mrefu kujijenga. Hayatokani na safari ya siku mbili.

Kwa sababu hiyo ni vyema makubaliano ya kununua na kusafirisha yaandikwe kabla ya kupakia, yakionyesha mnyama alitoka eneo gani, chanjo na dawa alizopewa na tarehe zake, na nani atabeba hasara ya kifo njiani na kwa siku ngapi baada ya kufika.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kabla ya kununua na kupakia

- Uliza malisho ya asili. Mifugo iliyotoka kwenye majaruba, mabonde ya mito na kingo za mabwawa ina uwezekano mkubwa wa kuwa na minyoo ya ini.
- Funua kope na fizi. Rangi ya waridi ni nzuri. Nyeupe inaonyesha upungufu wa damu, na ya manjano inaonyesha ini au chembe za damu zina tatizo. Tazama pia uvimbe laini chini ya taya, ambao ni dalili ya kawaida ya minyoo ya ini ya muda mrefu.
- Zingatia aina ya dawa ya minyoo. Ivermectini haiui minyoo ya ini. Albendazoli huua iliyokomaa tu. Triklabendazoli huua pia ile michanga inayochimba ini, ambayo ndiyo inayowaamsha bakteria.
- Chanjo ya kimeta na chambavu ni muhimu, lakini haikingi mkojo mwekundu wa bakteria wala ugonjwa mweusi. Hizo zina chanjo zake. Chanjo nyingi za jamii hiyo huhitaji dozi mbili kwa mara ya kwanza, zikipishana wiki nne hadi sita, na kinga ya mkojo mwekundu hudumu takriban miezi sita. Chanjo inayochomwa asubuhi ya kupakia haisaidii safari hiyo.
- Zingatia siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kabla mnyama hajachinjwa.

Njiani

- Punguza msongamano na vumbi, na usichanganye makundi ya minada tofauti bila sababu.
- Toa maji kidogo kidogo, mara kwa mara, badala ya kuacha mnyama mwenye kiu ajaze tumbo kwa mara moja.
- Usinyweshe kwenye maji yenye utando wa kijani unaofanana na rangi ya mafuta, hasa upande ambao upepo umeusukumia.
- Ukiona homa, mkojo mwekundu au kuhema kwa nguvu, mtafute daktari wa mifugo wa eneo ulipo mara moja. Penisilini au tetrasaiklini huweza kusaidia zikitolewa mapema sana, pamoja na maji ya mishipa au damu. Kusubiri kufika mpaka wa pili ni kuchelewa.

Baada ya kushusha

- Pumzisha mifugo, itenge na ile uliyoikuta, na ichunguze kila asubuhi kwa wiki mbili.
- Ongeza pumba na nafaka polepole kwa muda wa wiki mbili au tatu, majani yakiwa sehemu kubwa ya chakula siku za mwanzo.
- Osha lori kwa maji na dawa ya kuua vijidudu, ukiwa na buti na glavu.

MNYAMA AKIFA: USIMPASUE

Hili ni jambo la uhai wa watu. Mnyama aliyekufa ghafla anaweza kuwa amekufa kwa kimeta, ambacho pia ni ugonjwa wa bakteria mwenye sumu na humwambukiza binadamu. Dalili za kimeta ni mzoga kuvimba haraka, kutokukakamaa vizuri, na damu nyeusi isiyoganda kutoka puani, mdomoni au sehemu ya haja. Kwa macho pekee ni rahisi kukichanganya na ugonjwa mweusi au mkojo mwekundu wa bakteria. Anayepasua mzoga ili atazame ini anaweza kutawanya mbegu za kimeta ambazo hukaa ardhini kwa miaka mingi.

Kwa hiyo usimpasue, usimchune, usimuuze kwa bei ya kutupa, na usimshushe kando ya barabara. Vilevile usimchinje njiani mnyama aliye mahututi ili kuokoa nyama. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa karibu, ambaye ataamua kama sampuli ichukuliwe na mzoga uzikwe au uchomwe namna gani. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya, Sura ya 364, zinamtaka mwenye mnyama au anayemsimamia kutoa taarifa ya ugonjwa wa kutolewa taarifa. Kimeta kimo pia kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo zamani lilijulikana kama OIE. Kuficha mzoga mmoja kunaweza kufunga mnada au njia nzima ya biashara kwa karantini.

KWA UFUPI

Sumu za bakteria huharibu ini na damu kwa haraka kuliko mwendo wa lori kutoka mnadani hadi machinjioni. Magonjwa mengi ya aina hii huwa yamekwisha kujiandaa mwilini mwa mnyama kabla ya kibali kuandikwa: mbegu zimelala kwenye ini, minyoo inachimba njia, bakteria wako puani. Mfanyabiashara anayeuliza malisho, anayefunua kope, anayetoa dawa sahihi ya minyoo ya ini na kuchanja mapema hupunguza hasara kabla ya gharama ya safari kuanza. Msafirishaji anayenywesha kwa kiasi, asiyesongamanisha wanyama na asiyegusa mzoga hulinda mtaji wa mwenzake na maisha yake mwenyewe.